Msiwasingizie vijana, gemu zenyewe ndizo zinawafukuza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba vijana wa siku hizi hawana subira, kwamba hata gemu wanayoipenda wakiishika dakika kumi wameshaichoka, na kwamba simu ndizo zilizowaharibu. Anaonekana ni mtu mzima mwenye nia njema, sina ugomvi naye. Ila nina hakika hajawahi kushinda kwenye banda la gemu kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tatu usiku. Mimi nashinda humo tangu mwaka 2008.

Banda langu lipo Ngamiani, hapa Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba. Namba yenyewe siitaji, maana mwenye nyumba wangu naye ni msomaji wako na tuna hesabu zetu. Nilianza na PlayStation 2 mbili alizoniachia kaka yangu aliyekuwa baharia, TV mbili za chogo, na benchi moja nililoazima kwa jirani anayepika chapati, ambalo mpaka leo sijalirudisha. Sasa nina mashine sita: PS4 nne, PS3 moja, na PS2 moja kati ya zile mbili, bado nzima. Mechi ya mpira ni shilingi 500, aliyefungwa ndiye analipa. Gemu za misheni, zile za hadithi yenye kazi za kutimiza moja baada ya nyingine, nauza kwa saa, shilingi 1,000.

Mwenyewe si mchezaji. Nikishika pedi, kile kidude cha kuchezea chenye vitufe, mtoto wa darasa la tatu ananipiga saba bila. Kazi yangu ni kukaa mlangoni na daftari, na kwa kuwa riziki yangu inategemea muda anaokaa mteja, jicho langu limezoea kuvizia dakika ile anayoweka pedi chini. Huwa namuuliza, "Mbona mapema, baba?" Majibu yao nimekuwa nikiyaandika nyuma ya daftari, kwenye kurasa za madeni yaliyokwisha kulipwa. Kurasa hizo ni chache, lakini zimejaa.

Nianze na hiyo subira. Wasomaji wenye miaka 30 na kitu wanaikumbuka gemu ya San Andreas, ile ya mwaka 2004, ya yule kijana CJ. Ndani yake kuna misheni ya kufukuza treni kwa pikipiki: wewe unaendesha, mwenzako mnene amekaa nyuma anawapiga risasi maadui waliopanda juu ya mabehewa. Ukijibana sana na treni, mwenzako halengi vizuri. Ukibaki nyuma, treni imekutoka. Nimeona vijana wakiishindwa mara nane kwa siku moja, wanatoka wanalaani, na kesho yake wako mlangoni kabla sijafagia. Mmoja wao, baba yake akiuza samaki pale Deep Sea, aliniwekea saa yake ya mkononi rehani ili nimwongezee nusu saa. Huyo naye aambiwe hana subira?

Walichokuwa wanakikimbia ni kitu kingine. Kwenye ile San Andreas ya PS2, ukifa katikati ya misheni hurudi pale ulipofia. Unaamkia hospitali, silaha huna, unatafuta gari, unakatiza mji upya mpaka pale misheni inapoanzia, ndipo ujaribu tena. Kosa la sekunde mbili unalilipia dakika sita. Na dakika sita, kwa bei yangu, ni shilingi 100. Neno "ngumu" kwenye daftari langu ni la nadra. Lililojaa ni hili: "Yaani nirudi tena kule kote?" Gemu hiyo ilipoletwa kwenye simu mwaka 2013, watengenezaji waliweka vituo katikati ya misheni, ukianguka unaanzia karibu na ulipoangukia. Kwa hiyo hata wenyewe walikuwa wamewasikia.

Humo humo kuna shule ya urubani, kule jangwani. Hadithi haisogei mpaka ufaulu majaribio ya kupaa, kutua na kubiringisha ndege angani. Kijana amekuja kwa ajili ya magari na mitaa, ghafla anakalishwa kwenye mtihani ambao hakuuomba. Wengi wa wateja wangu waliishia hapo hapo. Hawakuiacha gemu yote, la, walibaki wanazurura mjini na zile namba za siri za kuita kifaru, wamezinakili kwenye madaftari ya hesabu. Lakini hadithi ya CJ ilivyokwisha, hapa Ngamiani wanaoijua ni wa kuhesabu.

Nasema haya kwa sababu watu wanachanganya ugumu na usumbufu. Wazee wanaocheza bao kwenye baraza la jirani wanakaa na kete zao 64 tangu alasiri hadi magharibi, wanafungwa, wanakasirika, wananuniana, na kesho wanarudi. Bao ni gumu kuliko gemu yoyote iliyopita kwenye banda langu. Ila kete hazimngojeshi mtu.

Umeme nao nimeuandika sana. Gemu za zamani za misheni hazikuwa zinajihifadhi zenyewe. Mpaka ufike mahali fulani. Kwenye Resident Evil 4, iliyokuja PS2 mwaka 2005, mahali penyewe ni taipureta, ile mashine ya kupigia chapa, au mwisho wa sura. Usipofika hapo, hujahifadhi. Sasa kuna jioni moja tulikuwa na mgao, kijana amekaa saa moja na dakika arobaini, jasho linamtoka, amewavuka wale wanakijiji wenye mashoka, mara pu! Giza. Hakutukana. Aliitazama ile TV nyeusi, akaiweka pedi mezani kwa mikono miwili kama mtu anayetua trei ya mayai, akasema, "Asante mama," akaondoka. Nilitaka kumrudishia pesa yake, hakuipokea. Aliendelea kuja miaka mingi, lakini kwa mpira tu. Mechi ya mpira ni dakika kumi. Umeme ukikatika umepoteza dakika kumi, na kama ulikuwa unafungwa unashangilia. Watu wanadhani mpira unatawala mabanda kwa sababu tunapenda soka. Soka tunalipenda, sikatai. Lakini mpira pia ndiyo gemu isiyokudai lugha, inayochezwa na wawili kwenye TV moja, na isiyoweza kukuibia zaidi ya robo saa.

Kuna jambo moja, Mhariri, nililiona kwa macho yangu na nililikataa wiki mbili nzima. Mwaka 2016 TV za chogo zilianza kunitia aibu. Nilipopokea mchezo wetu wa akina mama (upatu, siyo gemu) nikanunua TV mbili za flati, inchi 32, nikazitundika ukutani na kitambaa juu. Nilitarajia foleni. Nilichopata ni manung'uniko.

"Mama, hii inachelewa."

"Inachelewa nini?"

"Nikibonyeza kupiga, jamaa anapiga baadaye."

Nikawajibu kwamba aliyefungwa hakosi sababu: jana pedi, leo TV, kesho watasema benchi. Wiki ya pili nikaona ajabu. Wale wanaojua mpira hasa, wale wa kupiga pasi bila kutazama vidole, walikuwa wanapanga foleni kwenye TV ya chogo iliyobaki, yenye picha ya kijani upande mmoja. Wageni ndio waliokwenda kwenye flati. Mtu anangoja nusu saa apate TV mbovu, na pembeni yake TV mpya haina mtu!

Aliyenifumbua macho ni fundi redio wa mtaa wa pili. Alikaa, akapiga pasi tatu, akainuka, akaomba remoti. Akanieleza kwamba TV hizi kabla ya kuonyesha picha huichakata kwanza, zinaikoleza rangi, zinailainisha kingo, na kazi hiyo inakula muda, pengine sehemu ya kumi ya sekunde. Chogo halina mambo hayo, linapokea na kuonyesha. Akaingia kwenye mipangilio, akashuka, akashuka, akaikuta hali ya gemu, akaiwasha. Picha ikachujuka kidogo, nikasikitika. Nikamwita kijana mmoja katika wale walalamishi bila kumwambia kitu. Alicheza kama dakika moja, kisha akageuka huku pedi mkononi: "Mmeifanya nini hii?" Sehemu ya kumi ya sekunde! Macho yake hayaioni na mdomo wake hauwezi kuieleza, lakini kidole kinaijua. Na mimi nilikuwa namwita mwongo. Kwa hiyo siku hizi mtoto akiniambia gemu "haina raha" bila kusema kwa nini, simbishii tena.

Tuje kwenye mashine mpya. PS2 ukiitia CD, unasikia inazunguka, unaona alama ya kampuni, unabonyeza mara nne tano, refa anapuliza filimbi. Mtoto akitoka madrasa ana dakika 20 kabla hajatafutwa nyumbani, anapata mechi mbili na kurudi. Nilipopata PS4 za kwanza, mitumba iliyotokea Zanzibar, sikujua kwamba mambo yamebadilika. Nikanunua CD ya gemu mpya ya mpira kwa shilingi 140,000, sitaitaja ni ipi, na nikabandika karatasi mlangoni: GEMU MPYA JUMAMOSI.

Jumamosi saa tatu walishafika kumi na wawili. Nikatia CD mbele yao, kwa sherehe kidogo, nakiri. Mashine ikasema inapakia kwanza. Tukangoja. Ilipomaliza ikasema inataka apdeti, yaani marekebisho ya kuvuta kwenye intaneti, gigabaiti 20 na ushee. Nikawasha intaneti ya simu yangu, nina bando la gigabaiti 8 nililodhani ni utajiri. Kwenye kioo ukatokea mstari mmoja unaojaa rangi polepole kutoka kushoto kwenda kulia, na watoto kumi na wawili wameutolea macho kama watu wanaongoja mwezi uandame. Saa nne, asilimia 11. Saa tano, asilimia 19. Mmoja akaenda kununua mihogo ya kukaanga, akarudi, akala, akanawa. Mmoja akalala kwenye benchi la mama chapati. Saa sita kasoro bando likakata kwenye asilimia 34. Hakuna aliyeniambia neno baya. Waliinuka mmoja mmoja. Mji wetu unasifiwa kwa waja leo waondoka leo, lakini kuondoka bila hata kucheza ilikuwa mara ya kwanza. Kwenye ile PS2 ya pembeni, watoto wawili walikuwa wameshamaliza mechi ya tisa.

Baadaye nilielezwa kwamba ningekata intaneti tangu mwanzo ningeweza kuicheza kama ilivyo kwenye CD, ila na kasoro zake. Ndipo nikauliza: kwa nini CD ninayoinunua pesa zote hizo inakuja na kasoro? Mpwa wangu aliyeko Muscat, ambaye ndiye mtaalamu wa ukoo, akacheka, akanipa habari za wakubwa. Desemba 2020 gemu ya Cyberpunk 2077 ilitoka ikiwa mbichi kiasi kwamba Sony, wenye PlayStation, waliiondoa kwenye duka lao la mtandaoni wiki moja tu baadaye, ikarudi Juni 2021. Na mpira wetu wa PES, ambao hapa Tanga uliwakuza watu, kampuni ya Konami walipoubadili jina kuwa eFootball na kuutoa Septemba 2021, nyuso za wachezaji zilikuwa zimepinda mpaka dunia nzima ikawa inatumiana picha za kucheka. Waliomba radhi, na toleo lililoiva kidogo likaja Aprili 2022. Zaidi ya miezi sita! Mimi nikimpakulia mtu ubwabwa wenye kiini nikamwambia utaiva Aprili, atakuja tena kwangu?

Upande wa pesa nitasema kwa kifupi kwa sababu nikirefusha nitakasirika. Kwenye benchi langu sheria ni moja: wote mnachukua timu yenye nguvu sawa, wote Real au mmoja Real mwingine Barcelona, halafu tuone. Ndiyo maana matambo yanakuwa na utamu. Aliyefungwa hana pa kujificha. Lakini tangu mwaka 2009 gemu ya FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, imekuwa na kipengele cha kujenga timu yako kwa pakiti za wachezaji, unanunua pakiti hujui ndani yumo nani, unaweza kumpata nyota, unaweza kupata mabeki watatu wa daraja la chini. Ubelgiji waliliangalia jambo hilo mwaka 2018 wakaamua kwamba pakiti za namna hiyo zinazolipiwa ni kamari chini ya sheria yao, na Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Na timu uliyoihangaikia mwaka mzima haihamii kwenye toleo la mwaka unaofuata. Unaanza na mikono mitupu.

Hapa kwangu ilinijia kwa njia ya simu. Kijana mmoja alikuwa na gemu ya mpira ya mtindo huo, analipiwa na ndugu aliye ng'ambo, timu yake imejaa majina makubwa. Siku za mwanzo wenzake walimzunguka kuangalia. Wakacheza naye, wakafungwa tano, sita, na hawakufungwa na yeye, walifungwa na kadi ya benki. Baada ya wiki mbili hakuna aliyetaka kucheza naye. Wiki ya nne yeye mwenyewe aliifuta. Nilimuuliza, akasema, "Sina wa kumfunga." Hilo nimeliandika na kulipigia mstari, maana ndiye mteja pekee niliyemwona akichoshwa na ushindi.

Mambo ya mtandao yananigusa kwa upande mwingine pia. Need for Speed: Most Wanted ya mwaka 2005 kwenye PS2 ilikuwa inagawa kioo mara mbili, wawili wanashindana huku wanasukumana mabega. Need for Speed iliyokuja mwaka 2015 ikataka intaneti wakati wote, hata ukicheza peke yako, na kugawa kioo hakuna. Nenda ukamtafute mshindani wako kwenye mtandao. Mshindani wangu amekaa hapa, ana ndala na amenunua ubuyu! Wapo pia waliouziwa gemu halafu ikazimwa: The Crew, ya magari vilevile, ilitoka mwaka 2014, na Machi 2024 kampuni yake, Ubisoft, wakazima mitambo yake, basi, CD unayo na gari huna. Huko Ulaya watu zaidi ya milioni moja walitia saini kulalamikia mambo ya aina hiyo. Ile CD yangu ya zamani ya mpira, Winning Eleven, ina mikwaruzo kama mgongo wa ngalawa na bado inaingia uwanjani.

Kuhusu gemu zinazoanza na sinema ndefu isiyorukika, mteja wangu mmoja alishamaliza: "Mama, nimelipia kucheza. Sinema ni kwa jirani, tena kule zinatafsiriwa." Maelezo ya Kiingereza vijana wangu hawayasomi, wanakariri mahali: chini mara mbili, kulia, eksi. Apdeti ikihamisha kitufe kimoja, banda zima linakuwa kama limehamishiwa mji mwingine. Nyoka wa Nokia hakumlazimisha mtu kusoma maelezo hata mstari mmoja, na mama yangu mzazi, ambaye hakusoma, alikuwa anamlisha mpaka anajaa kioo.

Lakini nisiwaseme wenye makampuni tu nikajisahau. Kwenye daftari langu kuna ukurasa unaoniaibisha, nao unahusu pedi. Kile kijiti cha kushoto kikichakaa, mpira wake wa juu ukaisha, kinaanza kuvuta. Umekiachia, hujagusa kitu, na beki wako anatembea taratibu kuelekea kwenye kibendera cha kona kama mtu aliyeitwa. Nilikuwa naliona hilo na nasema pedi bado inafaa, kwa sababu pedi mpya ni pesa. Nilisafisha kwa spiriti na pamba, inakaa siku tatu, inarudia. Miezi miwili nilipoteza wateja wanne wa kila siku kwa mtu wa barabara ya juu mwenye mashine mbili tu, lakini pedi zake zinatii. Wawili sijawapata mpaka leo.

Nimalizie na lililonifanya nishike kalamu kabisa. Mwaka jana wakati wa likizo alikuja kijana anayesoma mambo ya kompyuta, ana laptopu kwenye mfuko wa rambo ndani ya begi. Ametengeneza gemu yake mwenyewe: wewe ni bodaboda, unabeba abiria kutoka stendi ya Kange mpaka Raskazoni, unakwepa mashimo, mbuzi na trafiki. Sauti ya pikipiki ameirekodi mwenyewe. Nilifurahi mno, maana miaka yote nimeuza gemu za miji ya watu. Akataka kunieleza inavyochezwa. Nikamwambia, usinieleze mimi, mwanangu, na usimweleze mtu. Nikamkalisha nyuma, kwenye benchi la chapati, nikamwita mtoto wa miaka kumi, nikamwambia kijana: mdomo wako ufunge.

Mtoto akafungua. Ikaja alama, ikaja jina la kijana, zikaja kurasa za maandishi: bodaboda ana mama mgonjwa, anahitaji pesa, ametoka kijijini. Mtoto anabonyeza tu zipite. Yakaja mafunzo: hiki breki, hiki gia, hiki honi, sasa nenda kajaze petroli, sasa vaa kofia. Mtoto ananitazama mimi. Kwa saa yangu ya ukutani zilipita dakika tatu na sekunde ishirini kabla pikipiki haijasogea. Iliposogea akatokea mbuzi, mtoto akacheka kwa sauti, akamgonga, akaanguka. Kioo kikaandika UMESHINDWA, na mama mgonjwa akaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza.

Mtoto akaisukuma laptopu taratibu. "Naomba kucheza mpira."

Kijana akafungua mdomo, nikamwekea kidole. Mwishowe nikamruhusu swali moja tu. Akamuuliza mtoto nini kibaya. Mtoto akafikiri, akasema, "Mbuzi ni mzuri."

Nilidhani hatarudi. Baada ya wiki tatu alirudi, macho mekundu kwa kukesha. Safari hii ukifungua, pikipiki tayari iko barabarani na mbuzi yuko mbele yako. Kofia, petroli, honi, vyote unavikuta njiani unapovihitaji. Ukianguka unainuka pale pale, na abiria anakugombeza kwa Kiswahili cha Tanga hasa. Yule mama mgonjwa hajafutwa: anapiga simu ukiwa unaendesha, anauliza umekula nini, na sauti ni ya mama yake kijana mwenyewe. Nikamwita mtoto yule yule. Mara ya kwanza simu ilipolia kwenye gemu, mtoto alipunguza mwendo, akasogea pembeni ya barabara, akasikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyemwagiza.

Alicheza mpaka adhana ya magharibi. Alianguka mara kumi na nne, nilihesabu. Mama yake halisi alimwita mara tatu kutoka dirishani kabla hajainuka, na akiwa mlangoni aliniuliza mimi, si mwenye laptopu, kesho nafungua saa ngapi.

Msomaji mwenzangu akipita Tanga, namkaribisha. Benchi la mama chapati bado lipo. Aje Jumamosi mchana, akae nyuma, asiseme na mtoto yeyote, na kama atapenda nitamwazima daftari.

Mama Gemu,
Ngamiani, Tanga